Breki za Beetle ya marehemu baba: masta silinda mbili mpya, na bado

*"Shikamoo fundi. Nimerithi Volkswagen Beetle ya 1965 kutoka kwa marehemu baba. Ilikaa miaka mitatu chini ya mwembe, nyumbani Tudor, bila kuwashwa. Injini tumeifufua, ila breki zimenishinda. Nikikanyaga mara ya kwanza, pedali inashuka mpaka karibu na sakafu. Nikipampu mara mbili tatu inapanda na kuwa ngumu. Nikiendesha kama dakika ishirini, gurudumu la mbele kushoto linachemka, gari linavuta kushoto hata kama sijashika breki, na nikisimama halisukumiki. Fundi amebadilisha masta silinda mara mbili, bado ni yale yale. Sasa anataka tuweke busta ya Toyota au tuingize diski. Binamu yangu naye aliona mafuta ya breki yamepungua kwenye kichupa, akaniambia niongeze ya steringi, nikaongeza kidogo. Juzi nikiteremka kuingia feri Likoni, nusura nimgonge wa mbele. Nifanye nini? Na je, gari hili ni salama kweli?"*

Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Kabla ya neno jingine: gari hilo lisitoke nje ya geti. Lisiende gereji, lisiende feri, lisiende hata dukani kwa Mpemba. Likihitaji kuhama, ita brekidauni ilibebe. Sababu nitakueleza, ila hilo nimelitanguliza usije ukachoka kusoma ukaishia njiani.

Nianze na swali lako la mwisho. Beetle yenye drami (lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu) kwenye magurudumu yote manne ni gari linalosimama vizuri, breki zikiwa sawa. Beetle zilishinda mbio za Safari mwaka 1953, 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na miteremko ambayo wewe na mimi hatutaipita, na breki zake zilikuwa drami. Kwa hiyo anayekwambia drami ni takataka za zamani anakuuzia kitu. Lakini ujue udhaifu mmoja wa kweli: gari lako la umri huo lina njia moja tu ya mafuta. Masta silinda (ile pampu inayosukumwa na pedali) moja, bomba moja linalogawanyika kwenda magurudumu yote. Mpira mmoja wa kupitishia mafuta ukipasuka, yote manne yamekufa pamoja. Magari ya baadaye yana njia mbili, moja ikikatika nyingine inabaki. Wewe kinachobaki ni hendibreki peke yake, kwa sababu hiyo huvutwa kwa waya na haina habari na mafuta. Watu wengi wenye magari ya zamani husema hendibreki yao haishiki na wanacheka. Kwenye gari lako hendibreki ndiyo breki ya pili, si ya kuegeshea tu.

Sasa tuje kwenye masta silinda. Fundi wako hakuisikiliza pedali, amepiga ramli. Pedali mbovu ina sauti tatu, na mguu wako unaweza kuzitofautisha hata kabla ya kushika spana.

Ya kwanza ni hiyo yako: inashuka chini, ukipampu inapanda na kukaa ngumu kama jiwe. Maana yake mafuta yanafika, hayana hewa, ila shuu (zile pedi zinazobana drami kwa ndani) ziko mbali na drami. Mkanyago mmoja unasukuma kiasi fulani tu cha mafuta. Kikiisha kabla shuu haijagusa chuma, pedali imefika sakafuni. Ukipampu haraka, unaongeza mafuta mengine kabla springi hazijazirudisha shuu, ndiyo unapata breki. Dawa yake ni kuzisogeza shuu, kazi ya bisibisi. Ya pili ni pedali inayobonyea kama godoro: hata ukipampu inapanda lakini bado inadunda. Hiyo ni hewa ndani ya bomba, maana hewa hubanwa na mafuta hayabanwi. Ya tatu, pedali inakuwa ngumu ukikanyaga, kisha ukiishikilia inazama polepole chini ya mguu ilhali hakuna mafuta yanayovuja nje. Hapo ndipo masta silinda inavujisha ndani kwa ndani, na hapo ndipo ungekuwa na haki ya kuinunua mpya. Wewe hukulalamika hivyo hata kidogo. Mmenunua mbili kwa ugonjwa ambao gari halina.

Beetle haijirekebishi yenyewe. Magari mengi ya leo yana kidude ndani ya drami kinachosogeza shuu kadiri lainingi (tabaka la shuu linalosugua drami) inavyoliwa. Beetle inangoja mkono wa mtu. Kila gurudumu lina magurudumu madogo mawili yenye meno, moja kwa kila shuu, kwa hiyo gari zima lina manane, na nimewahi kuona mafundi wakirekebisha manne tu wakidhani wamemaliza. Tundu la kupitishia bisibisi huwa kwenye bamba la nyuma au kwenye drami yenyewe, kutegemea mwaka. Unalipiga jeki gurudumu, unaliweka gari juu ya stendi, unasukuma meno kwa bisibisi mpaka gurudumu ligome kuzunguka, kisha unarudisha meno matatu au manne mpaka lizunguke huru. Unaenda kwenye gurudumu dogo la pili, ambalo huzungushwa upande wa kinyume. Halafu kanyaga breki mara kadhaa ili shuu zijikalishe katikati, na urudie. Kwa magurudumu ya nyuma, legeza kwanza waya wa hendibreki, la sivyo utakuwa unarekebisha shuu ambazo tayari zimevutwa na waya, na utadanganyika.

Lakini usikimbilie kurekebisha leo, kwa sababu hilo gurudumu la kushoto lina mambo yake.

Umesema gari linavuta kushoto *hata kama hujashika breki*. Nashukuru umeandika hivyo, kwa sababu gari linalovuta upande ukishika breki tu ni kesi nyingine kabisa: hapo mara nyingi mkosa ni gurudumu la upande wa pili, limelowa mafuta au limeganda, halisaidii kazi. Lako linavuta bila breki, na linachemka. Breki imeshika na haiachii. Kuna mambo matatu yanayoweza kulishikilia, na jaribio la dakika tano linayatenganisha.

Siku gurudumu litakapogoma, lipige jeki likiwa bado limegoma. Vaa miwani. Legeza kidogo ile nipeli ya kutolea hewa nyuma ya gurudumu, mafuta kidogo yaruke. Ukizungusha gurudumu likawa huru mara moja, basi kulikuwa na presha iliyofungiwa ndani. Likibaki limegoma, mafuta hayahusiki: ama pistoni ya wili silinda (silinda ndogo ndani ya gurudumu inayosukuma shuu) imeshikwa na kutu, ama shuu zenyewe zimekwama au springi zimechoka. Na kama presha ilifungiwa, tazama magurudumu mengine. Yakiwa yamegoma yote manne, tatizo liko juu: fito ya pedali inaisukuma masta silinda hata mguu ukiwa umeinuliwa, na kile kitundu cha kurudishia mafuta kwenye kichupa kimezibwa. Fito hiyo lazima iwe na nafasi ya kama milimita 1 kabla haijagusa pistoni. Hili hutokea sana baada ya kufunga masta silinda mpya bila kupima, kwa hiyo mwambie fundi aliangalie. Lakini likigoma moja tu, na nipeli ikaliachia, mtuhumiwa ni ule mpira unaounganisha bomba la chuma na gurudumu.

Hapa nina deni la kukiri. Nikiwa bado kijana wa spana, niliwekewa Morris Minor yenye tatizo kama lako, na nikabadilisha wili silinda ya gurudumu lile lile mara tatu. Mara ya tatu mwenye gari alikuwa ameshaacha kunisalimia. Fundi mmoja mzee, aliyekuwa akishona viti pembeni na wala hakuwa fundi wa breki, aliniomba ule mpira. Kwa nje ulikuwa mzima, mweusi, hauna hata ufa. Akaupasua kwa wembe kwa urefu wake kama mtu anayepasua bamia. Ndani ulikuwa umevimba mpaka tundu limebaki kama la sindano, na pembeni kuna ulimi wa mpira uliochanika unaning'inia. Ukikanyaga breki, nguvu ya mguu ni kubwa, mafuta yanapenya. Ukiachia, kinachoyarudisha ni springi za shuu tu, ambazo hazina nguvu hiyo, na ulimi unajifunga kama mlango. Shuu zinabaki zimebana, zinasugua, drami inachemka, na mafuta yaliyofungiwa yakipata joto yanapanuka na kubana zaidi. Gari likipoa usiku kucha, asubuhi linaachia lenyewe, na kila mtu anashangaa.

Mpira wa breki hauliwi na kilomita peke yake, huliwa na miaka pia. Yako sijui ni ya lini, na hata wewe hujui. Badilisha yote, ya mbele na ya nyuma, siku moja.

Sasa mafuta ya steringi. Nisikilize vizuri hapa, maana hili ndilo lililonifanya nikukataze kutoka getini. Raba zilizo ndani ya breki zimetengenezwa zikae na mafuta ya breki, ambayo si mafuta kwa maana ya petroli au oili. Ni kemikali ya jamii nyingine, inayochanganyika na maji. Oili ya injini, ya giaboksi au ya steringi inazivimbisha raba hizo na kuzilainisha mpaka zinakuwa kama ubani uliotafunwa. Kidogo kinatosha. Ukitaka kuona kwa macho yako, chukua glasi ya maji, vuta matone machache ya juu kwenye kichupa kwa sindano, yadondoshe. Mafuta ya breki yatayeyuka humo yapotee. Yakielea juu yakifanya madoa ya rangi, hiyo ni oili. Tazama na raba ya kifuniko cha kichupa: ikiwa imepanuka haikai tena mahali pake, basi na zile za ndani ziko njia hiyo hiyo, pamoja na za masta silinda yako mpya.

Naomba radhi kwa habari mbaya, ila dawa yake haina mkato. Raba zote zitoke: za masta silinda, za wili silinda nne, mipira yote. Mabomba ya chuma yaoshwe kwa spiriti, si kwa petroli wala mafuta ya taa, yapulizwe yakauke. Kisha raba mpya na mafuta mapya. Anayekwambia utamimina tu ya zamani na kutia mapya anakupa matumaini, hakupi breki.

Na kuna swali ambalo binamu yako hakuliuliza: mafuta yaliyopungua yalikwenda wapi? Mafuta ya breki hayaliwi kama petroli. Lainingi ikipungua, kimo kwenye kichupa hushuka kidogo sana. Kikishuka kwa kiasi cha kuonekana, kuna mahali panavuja, na kwenye gari lililolala miaka mitatu mahali penyewe huwa ni wili silinda. Chunguza ndani ya kila gurudumu, kwenye bamba la nyuma na upande wa ndani wa tairi, kama kuna unyevu au rangi iliyobabuka. Lainingi iliyolowa mafuta usiikaushe kwa moto wala usiisugue kwa msasa. Imekwisha, zibadilishwe za magurudumu mawili ya ekseli hiyo kwa pamoja.

Kwa nini wili silinda huoza hapa kwetu kuliko bara? Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani, na hewa ya Mombasa haina uhaba wa maji. Maji yanapita taratibu kwenye mipira na kwenye kitundu cha kifuniko, gari likiwa limesimama yanatulia sehemu za chini, na sehemu za chini ni ndani ya silinda. Chuma kinaliwa vijishimo, raba inapita juu ya vijishimo, inachanika. Maji hayo pia yanashusha kiwango cha kuchemka. DOT 4 (DOT ni alama ya daraja la mafuta ya breki) ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi. Ikishakunywa maji, kiwango cha chini kinachokubalika ni 155. DOT 3 ni 205 na 140. Ukiteremka kutoka Mazeras nyuma ya trela huku umeegemea breki, joto hilo halichelewi, na mafuta yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabanwa kama hewa, pedali inaenda sakafuni. (Drami zikichoka kwa joto tu, bila mafuta kuchemka, pedali hubaki ngumu lakini gari halisimami. Kote kuwili dawa ni ile ile: shuka gia kabla ya mteremko.)

Wewe tumia DOT 4 ya chupa mpya iliyofungwa, umwage na kubadilisha kila mwaka. Chupa iliyofunguliwa mwaka jana ikakaa dukani au chini ya kiti, mpe fundi wa milango alainishie bolti. Utasikia sifa za DOT 5, ile ya silikoni, kwamba hainywi maji wala haiharibu rangi. Ni kweli. Lakini haichanganyiki na mafuta ya kawaida, kuitia kunataka mfumo mzima uwe umeoshwa na raba zote ziwe mpya, na maji yakiingia hayasambai, yanajikusanya pembeni na kula chuma mahali pamoja. Kwa mtu anayeendesha gari lake kila wiki sioni faida. Na usiichanganye na DOT 5.1, ambayo licha ya namba yake ni ya jamii ya DOT 4.

Busta naikataa moja kwa moja. Busta huongeza nguvu ya mguu, na wewe hukosi nguvu. Gurudumu lililoganda ukiliongezea nguvu linaganda zaidi. Tena busta hutaka uvutaji wa hewa wa injini, na injini yako iko nyuma ilhali masta silinda iko mbele. Diski za mbele ni hoja ya heshima kidogo, na zipo seti zinazokaa bila kuchomelea. Ila zinataka masta silinda inayolingana nazo, maana zile za drami huwa na vali inayobakisha presha kidogo kwenye bomba, na presha hiyo ikibaki kwenye diski pedi zitasugua siku nzima. Ukiniuliza pesa yangu ningeiweka wapi kwanza, ni kwenye masta silinda ya njia mbili na kichupa chake, kwa kuwa hata hivyo itabidi ununue nyingine. Hapo utaongeza bomba moja, na hutabaki tena na roho mkononi kwa ajili ya mpira mmoja.

Bomba likihitajika jipya, liwe la chuma cha breki au la mchanganyiko wa shaba na nikeli, ambalo haliliwi na hewa ya chumvi. Ukimwona mtu anakunja bomba la friji alifunge kwenye breki, chukua ufunguo wako uondoke.

Kipi ufanye mwenyewe? Kukagua, jaribio la nipeli, jaribio la glasi, kurekebisha shuu. Kufungua drami ya mbele pia unaweza, ukikumbuka kwamba nati ya gurudumu la mbele kushoto hufunguka kwa kinyume. Wengi wameivunja kwa kuikaza wakidhani wanaifungua. Vumbi utakalokuta ndani usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lipangusie kitambaa kilicholowa maji, ukitie kitambaa kwenye mfuko ufunge.

Drami za nyuma, mwachie fundi. Nati yake ya milimita 36 hukazwa zaidi ya futi-ratili 200, na watu huifungua gari likiwa juu ya jeki, likawaangukia. Ilegezwe magurudumu yakiwa chini. Kunyoa drami kwenye leth (mashine ya kuchonga chuma) nako kuna kikomo. Drami nyembamba hupata joto upesi na kupanuka ikiikimbia shuu. Na baada ya kila kitu, tafuta gereji yenye mashine ya rola ipime nguvu ya kila gurudumu. Hapo hakuna ubishi wa maneno.

Mkitoa hewa, shuu ziwe zimesharekebishwa. Kwa gari la usukani wa kulia anza nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kichupa kisikauke katikati ya kazi. Tone likidondoka kwenye rangi ya mzee, maji mengi hapo hapo, maana linababua.

Jaribu kwanza uani, mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa karibu na hendibreki. Kisha zunguka mtaani dakika kumi asubuhi na mapema, urudi ushike kila gurudumu katikati kwa mkono. Ya mbele yawe na joto linalofanana. Feri ingoje wiki mbili hivi. Na siku utakapolilaza tena chini ya mwembe, usivute hendibreki, lainingi zitagandana na drami. Weka kabari ya mti.

Ule mpira wa kushoto fundi akiutoa, usimwache autupe. Upasue kwa wembe, unipigie picha uniletee.